Hawa Hawafi

Chupa ya jemu ya aprikoti imefika kwa posta,
kifuniko kimezungushiwa utepe mara tatu.
Ndani, ngano ya viganja viwili
na wadudu rangi ya kutu, bapa,
wadogo kuliko punje ya ufuta.
Karatasi, kalamu ya risasi:
Hawa hawafi. D. Trevorrow, Kadina.

Maneno mawili. Denzil ni yuleyule.
Nilikulia ng'ambo ya ua wake,
kwenye rasi ile ya Australia Kusini
iliyochovya mguu baharini bila kuvua kiatu,
ambako ngano huanzia kizingitini
na kukoma pale maji ya chumvi yanapoikataza.

Nawahesabu kwa brashi ya mchoraji. Hamsini.
Kando yao hamsini wengine, wa kwetu maabara,
ukoo tuliofuga tangu kabla sijaajiriwa,
wasiojua sumu hata kwa kusimuliwa.
Naingiza gesi kwa sindano:
fosfini, yenye harufu ya kitunguu saumu
na samaki wa juzi.

Dakika ya nne, wa kwetu wako chali,
miguu inachezacheza, kisha haichezi.
Wa Denzil wanatembea.
Dakika ya ishirini wanatembea.
Saa nzima. Nimekunywa chai, nimerudi,
mmoja amempanda mwenziwe
na mambo ya ndoa yanaendelea.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Hili nalo halisikii, wala halifi.

Watu hudhani dawa iliwafundisha.
Dawa haifundishi. Dawa huchekecha:
wanaopita, hupita na watoto wao.
Na chekecheo, mara moja,
nililishika mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, Januari,
bati la silo likichoma viganja kupitia glavu.
Denzil alinilipa nipande ngazi na kopo la vidonge.
Mpira wa mfuniko ulikuwa na ufa,
mrefu kama kidole changu cha shahada.
Niliuona. Lakini jioni kulikuwa na mechi,
na kijana wa Moonta mwenye pikipiki.
Nikavuta mfuniko, ukalia ko!
nikaridhika na mlio.

Wiki ile wengi walikufa.
Wengi: hapo ndipo tulipojipongeza,
hapo ndipo tulipokosea.
Gesi ilitoka kidogokidogo kwenye ufa
na waliobaki wakabaki na nafasi.
Haba na haba. Kibaba kikajaa.

Nampigia simu.
"Wangapi?" anauliza.
"Waliingia hamsini. Wako hamsini."
Nasikia mbwa, nasikia feni ya jikoni.
Meli inasubiri bandari ya Wallaroo,
na mkaguzi akikuta mmoja tu anayetambaa
shehena yote inarudi nyumbani.

Namwambia: siku nyingi zaidi, silo lisivuje hata pumzi.
Namwambia: poza nafaka, baridi huwachelewesha.
Namwambia: ipo gesi nyingine, bei yake kaa kwanza.
Safisha mashine ya kuvunia, fagia chini ya mtambo,
usiache hata makombo ya mwaka jana.
Nasoma kama kasisi aliyechoka.

Kisha nasema lisilo kwenye orodha:
"Ule mpira. Niliuona umepasuka."

Feni inazunguka.
"Mimi pia niliuona," anasema Denzil.
"Kabla hujapanda."

Hatukujua la kusema baada ya hapo.
Akauliza kama mama yangu bado anafuga bata.
Nikasema aliacha.

Jioni nawahamishia kwenye gudulia jipya.
Siruhusiwi kuwaua; tunawahitaji,
kila gesi mpya itawajaribu wao kwanza.
Nawapa ngano iliyovunjwa na chachu kidogo,
joto la nyuzi thelathini, giza.
Juu ya lebo lazima jina la mahali walikotoka.
Naandika Kadina, na mwaka.
Pamebaki nafasi ya jina la mkusanyaji,
na kalamu inakaa hapo kitambo.

Nabana kifuniko.
Naweka sikio.
Nakibana tena.